Aristotle, Epicurus au Wastoiko: uanze na nani?

Aliyewahi kusoma Matendo ya Mitume sura ya 17 amekwisha kukutana nao. Paulo yuko Athens, kila siku anahojiana na watu sokoni, na miongoni mwa wanaomkabili wamo Waepikureo, wafuasi wa mwanafalsafa Epicurus, na Wastoiko, kundi jingine la wanafalsafa. Wengi huupita mstari huo mbio ili wafike kwenye hotuba ya Areopago. Lakini makundi hayo mawili, pamoja na la tatu la Aristotle ambalo halikutajwa pale, yalikuwa yamebishana kwa zaidi ya miaka 300 kabla Paulo hajafika, na ubishi wenyewe ulikuwa huu: mtu aishi vipi hadi mwisho wake isemwe kwamba aliishi vizuri?

Siku hizi ubishi umerudi, ila anayesikika ni mmoja. Nukuu za Wastoiko zimejaa kwenye simu, zimebandikwa juu ya sanamu ya mzee mwenye ndevu, na nyingine wala hawakuzisema. Kijana akitaka kuanza kusoma falsafa ya Kigiriki anashika Marcus Aurelius, Kaizari wa Rome aliyekuwa Mstoiko, kwa sababu ndiye aliyemzoea. Si vibaya. Shida ni kwamba wapo watu ambao Wastoiko watawazidishia ugonjwa walio nao tayari, na hao wangefaidika zaidi kwa mwingine.

Socrates na Plato nawaacha kando kwa makusudi. Socrates hakuandika kitu. Plato naye hakupi msimamo mmoja wa kuushika. Anakupa mazungumzo, tena matamu, ambayo mara nyingi yanaisha bila jibu. Hao ni wa baadaye.

Wanapoachana

Furaha wanayoizungumzia wote watatu si ya harusi wala ya mshahara kuingia. Ni sifa ya maisha mazima. Aristotle anasema mbayuwayu mmoja haleti majira ya machipuko, na vivyo hivyo siku moja njema haimfanyi mtu kuwa mwenye heri. Wote wanakubaliana pia kwamba akili ndiyo inayopaswa kuongoza, na kwamba mwovu hana maisha mazuri hata akiwa na mali. Hata Epicurus, ambaye jina lake limechafuliwa hadi likawa sawa na ulafi, aliandika waziwazi kwamba haiwezekani kuishi kwa raha bila kuishi kwa busara, kwa heshima na kwa haki.

Wanaachana kwenye jambo jingine: fadhila, yaani wema wa tabia, ni ya nini, na bahati mbaya inaweza kukunyang'anya kiasi gani?

Aristotle anajibu kwamba fadhila ndiyo kiini cha furaha, ila haitoshi peke yake. Unahitaji marafiki, watoto, afya, riziki ya kukuwezesha kutenda wema wenyewe, maana mtu asiye na kitu atakuwaje mkarimu? Epicurus anajibu kwamba lengo ni raha, na raha kwake ni mwili usioumia na nafsi isiyohangaika. Fadhila ni njia ya kufika huko. Wastoiko wanajibu kwamba fadhila peke yake inatosha na ndiyo pekee inayostahili kuitwa njema. Afya, mali, sifa, hata uhai, ni vya kupendelea vikiwepo, si vya kulilia vikiondoka.

Kwenye karatasi tofauti hii inaonekana ndogo. Tuijaribu kwa kitu kidogo kwanza, kisha kwa kikubwa.

Taa iliyoibwa

Epictetus alizaliwa mtumwa, yapata mwaka 50 BK, huko Hierapolis, ambako leo ni Uturuki. Bwana wake, Epaphroditus, naye alikuwa mtumwa aliyeachwa huru na kuwa mtu wa karibu wa Kaizari Nero. Epictetus alipopata uhuru alifundisha Rome hadi Kaizari Domitian alipowafukuza wanafalsafa, akahamia Nicopolis, magharibi mwa Ugiriki, akafungua shule. Epictetus alikuwa na taa ya chuma, ameiweka mbele ya miungu ya nyumbani. Akasikia kishindo dirishani, akashuka mbio, taa haipo. Akajiambia: aliyeichukua ameona sababu ya kuichukua. Basi kesho utapata ya udongo, kwani mtu hupoteza alicho nacho. Mahali pengine anaimalizia hesabu hiyo. Mwizi kapata taa, lakini ameinunua kwa bei gani? Kwa ajili ya taa amekubali kuwa mwizi, kwa ajili ya taa amekubali kutokuwa mwaminifu.

Hapo unauona Ustoiko wote. Kilichoibwa hakikuwa chako kwa maana iliyo muhimu; chako ni hukumu unayoitoa juu ya kilichotokea, na hasira ni hukumu mbovu iliyovaa joto. Seneca, Mstoiko aliyekuwa mwalimu wa Nero, aliandika vitabu vitatu vizima juu ya hasira. Hataki ipunguzwe, anataka ing'olewe. Na anayempinga humo, tena kwa jina, ni Aristotle.

Mpelekee Aristotle taa hiyohiyo. Atakwambia kukasirika ni rahisi, kila mtu anaweza. Kazi iko kwenye kumkasirikia anayestahili, kwa kiasi kinachostahili, kwa wakati wake, kwa sababu yake na kwa namna yake. Asiyekasirika panapostahili anahesabiwa mpumbavu, mtu wa kuvumilia matusi yake na ya jamaa zake. Fadhila iko katikati ya makosa mawili: ushujaa kati ya woga na ujuba, ukarimu kati ya ubahili na ubadhirifu. Wanaomsoma juujuu huchukulia kwamba katikati maana yake ni nusu kwa nusu, na yeye mwenyewe aliliona kosa hilo likija. Ndiyo maana akatoa mfano wa Milo, mpiga mieleka maarufu: kama chakula cha ratili kumi ni kingi na cha mbili ni kidogo, haifuati kwamba kila mtu apewe sita. Kwa Milo sita ni kidogo, kwa anayeanza mazoezi ni nyingi. Kiasi kinapimwa kwa mtu na kwa hali, na anayekipima ni mwenye busara ya kutenda, ile inayokuja kwa miaka na mazoea, haikaririwi.

Epicurus angeiangalia taa, si mwizi. Yeye aliyapanga matamanio katika mafungu matatu: ya asili na ya lazima, kama chakula, maji na pa kulala; ya asili lakini si ya lazima, kama chakula kitamu; na yasiyo ya asili wala ya lazima, kama umaarufu. Mwanga unaukosa ukiwa na taa ya udongo? Hapana. Basi chuma ulikitaka cha nini? Kuhusu mwizi, Epicurus ana neno moja kali: anayevunja kwa siri mapatano ya kutodhuriana hawezi kuwa na uhakika kwamba hatagunduliwa, hata kama amejificha mara elfu kumi. Usingizi wake umekwisha.

Mimi hapa niko na Aristotle. Taa ni taa, lakini weka badala yake kiwanja cha yatima. Mstoiko atanijibu kwamba mtu anaweza kumtetea yatima bila hasira, na Seneca anasema hivyohivyo: mwana mwema atamkinga baba yake kwa sababu ni wajibu, si kwa sababu amepandwa na ghadhabu. Jibu zuri. Ila nimeona watu wengi zaidi waliotumia utulivu kama kisingizio cha kukaa kimya kuliko waliotetea haki kwa utulivu.

Msiba

Mfano anaoutumia Aristotle ni Priam, mfalme wa Troy katika hadithi za Kigiriki. Mzee huyu alitawala vizuri, alikuwa na watoto wengi, kisha uzeeni akaiona Troy inaanguka na wanawe wanauawa. Aristotle anasema mtu mwema atayabeba mapigo ya namna hiyo kwa adabu, na wema wake utang'aa hata humo, wala hatakuwa mtu duni kwa sababu hatatenda machafu. Lakini mwenye heri? Hapana. Kusema kwamba mtu anayeteswa ana furaha ilimradi ni mwema, anaandika, ni upuuzi, iwe msemaji anajua au hajui.

Sasa fungua Enchiridion ya Epictetus, kijitabu kilichokusanywa na mwanafunzi wake Arrian. Katika fungu la tatu anakushauri uanze na vitu vidogo. Ukipenda mtungi, jiambie unapenda mtungi, ukivunjika hutafadhaika. Kisha bila kupumua anaendelea: ukimbusu mwanao au mkeo, jiambie unambusu binadamu, akifa hutafadhaika. Wasomaji wengi huishia hapo, kitabu wakakifunga. Nawaelewa. Lakini usiisome kama ukatili. Mtu aliyeandikiwa maneno haya aliishi dunia ambamo kuzika mtoto lilikuwa jambo la kawaida. Marcus Aurelius, aliyemsoma Epictetus kwa bidii, alizika watoto kadhaa akiwa mfalme wa Rome, na katikati ya tauni. Zoezi lenyewe lina upande wa pili ambao nukuu za mtandaoni huukata: anayekumbuka kwamba mtoto si wa milele humbusu akiwa yupo kweli, hayuko mahali pengine.

Epicurus anasema kifo si kitu kwetu, kwa kuwa tukiwepo sisi chenyewe hakipo, na kikiwepo sisi hatupo. Hoja hii inamsaidia anayeogopa kufa. Aliyefiwa haimfikii sana. Ila Epicurus hakuishia kwenye hoja. Siku yake ya mwisho, mwaka 270 KK, akiwa na maumivu makali ya njia ya mkojo, alimwandikia rafiki yake Idomeneus kwamba siku hiyo ni ya heri, kwa sababu furaha ya kuyakumbuka mazungumzo yao inashindana na maumivu. Kisha akaomba watoto wa rafiki yao Metrodorus, aliyekwisha kufa, watunzwe. Mtu wa raha huyo.

Akili ya kufanyia nini

Nalipita hili haraka, ingawa wasomi hulikalia. Kwa Aristotle akili ina kazi mbili: kupima la kutenda, na kutafakari ukweli kwa ajili ya ukweli wenyewe. Katika kitabu cha 10 cha Nicomachean Ethics, kazi yake ya maadili, anaitangaza hiyo ya pili kuwa maisha bora kuliko yote, jambo linalowashangaza waliomfuata vitabu tisa wakidhani anasifu maisha ya raia mwenye familia na madaraka. Wastoiko wanaona akili yako ni kipande cha akili inayoendesha ulimwengu mzima. Ndiyo maana kuyakubali yanayotokea kwao ni ibada, si kukata tamaa. Epicurus ana matumizi ya kawaida kabisa: akili ihesabu raha ipi italeta maumivu kesho, na ielewe jinsi dunia inavyokwenda ili radi isikutishe.

Watu wengine, na doa la Aristotle

Kwenye urafiki Aristotle hana mpinzani. Vitabu viwili kati ya kumi vya Nicomachean Ethics, cha 8 na cha 9, vinauhusu. Kuna urafiki wa kufaana, urafiki wa kufurahishana, na urafiki wa watu wanaopendana kwa sababu ya wema wao, ambao ni adimu na unachukua muda. Anakumbusha methali ya kwao kwamba watu hawajuani mpaka wale chumvi pamoja. Epicurus anasema katika yote ambayo hekima huandaa kwa ajili ya maisha ya heri, kubwa kuliko yote ni kupata rafiki. Wastoiko wako dhaifu kidogo hapa, ingawa wao ndio waliopanua duara zaidi: binadamu wote ni ndugu, raia wa mji mmoja. Marcus anaanza kitabu chake cha pili kwa kujiambia alfajiri kwamba leo atakutana na mdaku, asiye na shukrani, mjeuri na mwenye hila, na kwamba wote hao ni jamaa zake.

Kwenye siasa Epicurus anasema ishi kwa kujificha, usiingie. Aristotle anasema asiyeishi katika mji ni mnyama au mungu. Hapo chaguo ni lako, kulingana na umechoshwa kiasi gani.

Doa nalo lisemwe. Katika kitabu cha kwanza cha Politics, Aristotle anadai wapo watu ambao kwa asili yao ni watumwa, na kwamba mwanamke ana akili ya kuamua lakini haina mamlaka. Haya hayakubaki vitabuni. Mwaka 1550 huko Valladolid, Hispania, mwanazuoni Juan Ginés de Sepúlveda aliyatumia kutetea kuwatiisha wenyeji wa Amerika kwa vita. Msomaji wa pwani yetu, penye historia ya masoko ya watumwa, ana haki ya kuuliza kama mtu huyu afundishe maadili. Jibu langu: ndiyo, lakini msome huku umemshika mkono. Kwa upande mwingine, kule kwenye Bustani, shule ya Epicurus, wanawake na watumwa walikaa na kusoma pamoja na wengine; mtumwa wake Mys alisoma falsafa, na katika wosia wake Epicurus alimwacha huru. Wastoiko waliheshimu ubinadamu wa mtumwa, na mmoja wa walimu wao wakubwa alikuwa mtumwa, lakini hawakudai utumwa uondolewe. Kama minyororo si kibaya cha kweli, kwa nini uikate? Huo ndio mwisho mbaya wa falsafa yao, na haufichiki.

Kama una dini

Aristotle ameingia humo kabla yako. Ibn Rushd, mwanafalsafa Mwislamu, aliifafanua Nicomachean Ethics, Thomas Aquinas, mwanateolojia Mkatoliki, akafanya vivyo hivyo, na al-Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alipoandika juu ya kurekebisha tabia alitumia fadhila kuu nne na kipimo cha katikati. Mkatoliki aliyekariri busara, haki, nguvu na kiasi kwenye katekisimu amekariri orodha ya Wagiriki. Wastoiko pia hawana ugomvi mkubwa. Wanaamini maongozi ya Mungu, ingawa Mungu wao yumo ndani ya ulimwengu, si nje yake. Mwenye shida ni Epicurus: miungu ipo, haishughuliki nasi, na nafsi inakufa na mwili. Dante, mshairi wa Kiitaliano, alimtupa motoni kwa hilo. Unaweza kuchukua mafunzo yake juu ya matamanio na kuyaacha hayo mengine, lakini ujue kwamba yeye mwenyewe aliyaona kama nyumba moja.

Basi uanze na nani

Ukiwa umebanwa na jambo usiloweza kulibadilisha, ugonjwa, kifungo, kazi yenye bosi katili na huna pa kwenda, nenda kwa Epictetus leo hii. James Stockdale, rubani wa Marekani aliyedunguliwa Vietnam mwaka 1965, alikaa kifungoni zaidi ya miaka saba akitumia aliyoyasoma humo. Albert Ellis na Aaron Beck, waliobuni tiba ya kisaikolojia ya kurekebisha fikra, walikiri deni lao kwa Wastoiko. Lakini kama wewe tayari ni mtu wa kutohisi, uliyefundishwa tangu utotoni kwamba mwanamume halii, usianzie hapo. Watakupa sababu nzuri za kubaki ulivyo.

Kama hukosi chakula lakini hukosi pia wasiwasi, unakopa ili ufanane na jirani, unaogopa kifo usiku, mchukue Epicurus. Alimwandikia rafiki amtumie jibini kidogo, ili siku akitaka kufanya karamu awe nacho. Asimchukue anayekwepa majukumu. Tayari anaishi kwa kujificha.

Na kama unajenga, una ndoa changa, unalea, unaanza kuongoza watu, Aristotle. Yeye anakwambia kwamba tabia hujengwa kwa kutenda, kama fundi anavyokuwa fundi kwa kujenga, na kwamba kukosea kipimo ni sehemu ya kazi. Mimi ndiye ninayemshika, kwa sababu ya Priam. Hanidai niseme sijapoteza kitu nilipopoteza. Ila hana cha kukupa usiku wa leo. Dawa yake inachukua miaka.

Kuchanganya kunaruhusiwa. Seneca, pamoja na Ustoiko wake, alijaza barua zake za mwanzo kwa rafiki yake Lucilius maneno ya Epicurus, akijitetea kwamba anaingia kambi ya adui kama mpelelezi, si kama mtoro. Kwenye mazoezi ya kila siku unaweza kufanya hivyo. Kwenye swali la Priam huwezi: ama alipoteza kitu chema, ama hakupoteza.

Vitabu hivi vyote vinapatikana bure mtandaoni katika tafsiri za Kiingereza za zamani. Kwa Epicurus soma barua kwa Menoeceus. Ni kurasa chache, inaisha kwa mkao mmoja. Enchiridion ina mafungu 53 mafupi, usiyameze kwa siku moja. Marcus afuate baada ya Epictetus, si kabla, maana alikuwa akijiandikia mwenyewe na haelezi kitu. Nicomachean Ethics ni kavu, inasomeka kama maelezo ya darasani. Soma kitabu cha 1 na cha 2, ruka hadi cha 8 na 9, halafu rudi katikati. Epicurus atakukaribisha kwa kusema hakuna aliye mdogo mno wala mzee mno kwa falsafa. Aristotle, mapema tu kwenye kitabu cha kwanza, atakwambia kijana si msikilizaji wa somo hili. Usifunge kitabu, palepale anaongeza kwamba haijalishi ni kijana wa umri au wa tabia.